Chupa ya Kitanda Namba Nne

Jumatano, siku ya sita tangu mtoto apasuliwe moyo. Mama wa usafi anapiga deki chini ya kitanda namba nne. Anaizunguka chupa ya sakafuni, ile inayopokea maji kwa mpira kutoka kifuani kwa mtoto. Anasimama. Jana maji yalikuwa manjano. Leo ni meupe kama maziwa.

Mtoto ni mjukuu wake wa kwanza, miezi minne, aliyezaliwa na tundu moyoni.

"Nikamwita muuguzi," anasimulia, "'Mwanangu, hebu njoo uangalie.' Akacheka. 'Haya, Daktari wa Deki, leo umepima nini tena? Angalia usitumwagie chupa, mama.'"

Miaka kumi na saba ameideki wodi hiyo. Lakini kitambulisho chake kimeandikwa Usafi, na kwa wakubwa, mtu wa usafi hana macho.

Alhamisi alimfuata msimamizi wa wodi. Yuko kikaoni. Wakubwa hawakosi kikao. Hata moto ukiwaka watakaa kwanza wajadili moshi.

Ijumaa mtoto yu hoi, mbavu zinazama kila akivuta pumzi. Daktari bingwa akaja, akainamia chupa. "Hii imekuwa hivi tangu lini?"

Akaeleza kwamba upasuaji huweza kujeruhi mshipa mdogo unaopitisha mafuta ya maziwa. Mtoto akinyonya, mafuta yanavujia kifuani. Ikijulikana mapema, mara nyingi hubadilishiwa maziwa akapona.

"Kumbe binti yangu ananyonyesha, na kila tone linakwenda kumzamisha mwanawe," anasema bibi, akikamua tambara. "Sasa anayakamua, anamwaga sinki. Akaniuliza, 'Mama, nawe uliona?' Niliona. Nilisema, nikachekwa, nikarudi kwenye ndoo yangu. Hilo ndilo linaloniuma."

Wiki ya tatu sasa. Mtoto anapewa maziwa yasiyo na mafuta, bado yuko kwenye oksijeni. Bibi ameshafua shuka za kumpokelea nyumbani, amezifua mara mbili.

Ila kuna jambo moja. Kila asubuhi muuguzi wa zamu huchora mstari kwenye chupa pale maji yalipofika, akaandika siku. Bibi aliisoma kabla haijabadilishwa. Mstari wa Jumatano upo. Wa Alhamisi upo. Na chupa iko sakafuni, huwezi kuchora bila kupiga magoti.

Amekwenda ofisini kwa msimamizi mara tatu na swali lile lile: "Aliyepiga magoti akachora, aliona nini?"