Siku Niliyosogeza Gari Kidogo Nikajikuta Geti la Zambia

Jamani, aibu hii ndugu zangu wa Itumba nimewaficha mpaka leo, na hata ninyi ningewaficha kama Tunduma isingekuwa mji wa midomo mirefu, lakini najua mmeshasikia vipande vipande, na vingine vya uongo kabisa (sikugonga lori, naomba hilo lieleweke), kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe, mcheke mara moja, tuyamalize.

Kama mnavyojua, mimi nauza vyombo vya plastiki, ndoo na mabeseni na madumu, na siku za gulio napeleka mzigo Hasamba na huko vijijini Mbozi. Miaka yote nilikuwa nakodi gari za watu, mpaka mwaka huu mimi na baba Atu tukajikamua tukanunua kigari cha mkononi, kadogo, kale ka otomatiki. Baba Atu mwenyewe yuko Itumba na mahindi yake, usukani hana habari nao, dereva tuliyemtegemea ni binti yetu Atupele, ana miaka kumi na minane, amesomea udereva na amepata ile leseni ya mwanafunzi wanayoiita lena, maana yake haruhusiwi kuendesha bila mtu mwenye leseni kamili kukaa pembeni. Mtu huyo ndiye mimi. Msicheke, leseni ninayo, niliisomea kabla sijaolewa na kila ikikaribia kuisha naenda kuihuisha, naitunza kwenye pochi vizuri kuliko picha za harusi, ila usukani wenyewe nilikuwa sijaugusa tangu Atupele hajazaliwa.

Sasa bima aliyotuachia mwenye gari wa zamani ikawa inaelekea kuisha, na mimi nilishajiwekea kichwani kwamba kwa kuwa mtoto ndiyo anajifunza lazima tukate bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe likiumia. Nikazunguka kwa mawakala mpaka viatu vikalalamika. Kila ninakoingia nikitamka tu kwamba dereva ni binti mwenye lena, wakala anavuta pumzi, anabonyeza kikokotoo, ananitajia bei ya kunifanya niulize kama anauza na gari humo humo.

Ndipo nikafika kwa Shabani. Huyu ni kijana wa watu mstaarabu, mwenyeji wa Singida, ana kiofisi kando ya barabara kuu inayokwenda mpakani, anavaa tai hata siku za vumbi. Tukaingia na Atupele, mtoto akamwamkia Shabani, tukakaa. Shabani akauliza, "Dereva mkuu wa gari atakuwa nani, mama?"

Mimi nikajibu, "Ni mimi."

Neno lenyewe hilo tu. Atupele akageuka kuniangalia, nikamkanyaga mguu chini ya meza. Shabani akatazama leseni yangu, akaona ilivyo ya siku nyingi, akafurahi mno. "Mama, dereva mzoefu kama wewe nakufanyia bei nzuri. Na huyu dada naye anaendesha?"

"Huyu kanisindikiza tu," nikasema. (Mtoto ndiye aliyetuleta pale, tena alipaki vizuri kinyumenyume, lakini kwa bahati Shabani alikuwa ndani.) Nilimwona Atupele anainamisha kichwa na kuanza kuchezea zipu ya koti lake, ikaniuma kidogo, lakini bei nayo ilikuwa tamu, nikajifanya sijaona.

Tukatoka nje apige picha za gari, ndiyo utaratibu wa bima kubwa. Akapiga mbele, akapiga ubavuni, akazunguka nyuma akakuta tumebana ukuta, namba haionekani. "Mama," akasema kwa upole wake, "hebu sogeza mbele kidogo."

Kidogo! Atupele akanong'ona, "Mama, nipe mimi." Ningempa ufunguo pale pale, ningesema mguu unaniuma, yangeishia hapo. Lakini nilikuwa nimeshajiita dereva, nikaingia, nikakaa kama bosi, Atupele akakimbilia kiti cha pembeni akafunga mkanda (mimi sikufunga, kwani tulikuwa tunaenda wapi?), nikaweka gia, nikakanyaga.

Gari likaruka. Sijui niwaelezeje, lilivuka kile kidaraja cha mfereji kama mbuzi aliyekatika kamba, na nilipoipata breki tulikuwa tumeshasimama barabarani, katikati ya foleni ya malori, mbele yetu tela lililobeba saruji, nyuma yetu lori la Zambia ambalo dereva wake alikuwa ameinama anatuchungulia kutoka juu huko kama mtu anayetazama kuku aliyeingia sebuleni.

"Bamayo!" akaita, yaani mama kwa lugha yao. "Bamayo, endeni basi!"

Foleni ikasogea. Kushoto mfereji, kulia malori mengine, ikabidi na mimi nisogee. Kwenye kioo nikamwona Shabani anakuja mbio kando ya barabara, tai imepanda begani, simu mkononi, anapunga mkono.

"Mama, tubadilishane," Atupele akasema. "Likisimama tu, tubadilishane."

"Shabani anatuona," nikamjibu.

Yaani hata hapo bado nilikuwa naitetea bei.

Tukaenda hivyo, hatua kwa hatua, mimi jasho na baridi ile ya Tunduma, mpaka trafiki mmoja akatuona, gari dogo limebanwa kati ya malori, akaja akainama dirishani. Akanitazama usoni, nadhani nilikuwa nimeshabadilika rangi. Akauliza kwa huruma, "Mama, kuna mgonjwa?"

Wapendwa, nilitikisa kichwa. Mpaka leo sijui nilikuwa nakubali au shingo ilikuwa inatetemeka yenyewe, lakini yeye alielewa alivyoelewa. Akapuliza filimbi, akasimamisha malori ya upande wa pili, akaamuru tela la saruji libane pembeni, akatufungulia njia nyeupe, anapunga mkono kwa nguvu, "Wahi, mama! Wahi!" Na watu wenye maduka wakatoka vibarazani, wengine wateja wangu kabisa, nikawasikia, "Si mama Atu yule? Masikini, kapatwa na nini?"

Nikawahi. Ningefanyaje? Nilinyoosha tu mbele kama nilivyoelekezwa, na mbele kule hakuna kingine ila geti la mpaka.

Getini tayari walikuwa wameambiwa. Ofisa mmoja, mama mwenye sare iliyonyooshwa, akafungua mlango wa nyuma, akakuta mabeseni. Akafungua wa mbele. "Mgonjwa yuko wapi?"

Atupele akanitazama mimi. Nikamtazama yeye. Akasema taratibu, "Ni mama."

"Huyu anayeendesha?"

Ofisa akanigeukia.

"Mama, unaumwa nini? Mnakwenda hospitali gani huko ng'ambo, Nakonde? Pasipoti? Kibali cha gari?"

Kila alichokitaja sikuwa nacho. Wapagazi wakasogea, wabadilisha fedha wakasogea, na katikati yao ikatokea bodaboda imempakia Shabani, anahema, anashuka anasema, "Ofisa, samahani, mimi ni wakala wa bima, nilimwambia asogeze gari nipige picha." Yule mama akamtazama, akanitazama, akauliza swali ambalo nilikuwa nalikimbia tangu asubuhi.

"Hapa dereva ni nani?"

Ningeweza kuendelea. Leseni ilikuwa kwenye pochi. Lakini nilipomtazama Atupele nikaona machozi yamemlenga, tena si ya woga, ni ya kunionea aibu mimi mama yake. Nikasema, "Dereva ni mwanangu huyu. Anajifunza. Mimi sijui, nimeshasahau."

Watu wakacheka, tena sana, kuna mmoja alikaa chini kabisa. Ofisa hakucheka (mpaka alipogeuka, nikaona mabega yanacheza). Akanisema vya kutosha kuhusu kumdanganya trafiki na kuhatarisha watu, akaangalia lena ya mtoto na leseni yangu, akasema nikae pembeni ya huyo binti, tugeuze, nisiuguse tena usukani.

Atupele akashuka, akazunguka, akarekebisha kiti, akarekebisha vioo, akaniambia, "Mama, mkanda." Akageuza gari mbele ya umati wote ule na malori yanayonguruma, polepole, bila kugusa kitu, akaturudisha mpaka kwa Shabani. Njia nzima hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko kucheka kwa wale watu. Nikamwambia, "Nisamehe kwa kukuita msindikizaji." Akasema, "Yameisha mama," lakini macho yako barabarani.

Shabani alitukaribisha maji. Nikamweleza ukweli wote, nikitegemea atanifukuza. Akanisikiliza, akasema, "Mama, ungeniambia mapema. Bima ndogo bei yake haijali dereva ni mzee au anajifunza, na akigonga mtu au gari la mtu, inalipa. Kata hiyo kwanza, binti akipata leseni kamili na uzoefu kidogo, njoo tuongee habari ya kubwa. Ila gari lenu likikwaruzika, hapo mtajijua."

Wiki nzima nimezunguka mji, wala sikuwahi kuuliza habari ya bima ndogo, maana nilishaamua mwenyewe kwamba haitufai.

Tukakata hiyo. Sokoni walinisalimia "Pole na ugonjwa" mpaka nikazoea, nikawa naitikia "Nimepoa." Na mimi nimejiapiza: mtu akiniambia nisogeze gari, hata kama ni la kuchezea watoto, nitashuka kwanza, nitoe ufunguo nimkabidhi mwenye kazi yake, na nitamtambulisha kwa sauti mbele ya watu wote kwamba huyu ni Atupele, ni mwanangu, na ndiye dereva.