Martha Alivyoikimbia Meza Kuu

Janeti, fundi cherehani wa Mtendeni, mjini Tabora, hakuwa mtu wa vitabu. Kitabu kimoja aliletewa na bintiye Jenifa: mwanamke mmoja wa pwani alikuwa ameandika habari za maisha yake na za wazee wake waliouzwa utumwani. Alikifungua mchana mmoja umeme ulipokatika. Akafika mahali mwandishi anapomsimulia bibi yake, ambaye kwenye kila shughuli alikaa jikoni tu. Utotoni bibi huyo aliwahi kuinuliwa mkekani mbele za watu, akaambiwa kizazi cha watumwa hakikai na waungwana.

Janeti akakiweka kitabu chini. Akilini alimwona mama yake, marehemu Martha.

Kwenye harusi ya Jenifa, Martha alijichimbia kwenye masufuria. Janeti akamfuata, akamshika mkono mbele ya wapishi.

"Mama, unaniaibisha! Watu watasema nimekufanya mtumishi."

Akamkokota hadi meza kuu. Martha alikaa kidogo, machozi yakimtoka, kisha akaondoka hata keki haijakatwa, akarudi kwake Usinge. Hawakuongea vizuri tena mpaka alipofariki.

Jumamosi Janeti alipanda basi kwenda Sikonge kwa mama yake mdogo, Yustina.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona ghafla?"

Akamsomea ule ukurasa. Yustina alisikiliza, mikono imetulia juu ya ungo wa karanga.

"Huyo aliyeandika," akauliza, "hakuwaogopa wakwe?"

"Kumbe na sisi ndivyo tulivyo?"

"Bibi yetu aliletwa na msafara wa watumwa kutoka Manyema, mtoto mdogo. Mapadri wakamkomboa hapahapa Tabora. Mama yako aliposwa na mwanamume mwingine kabla ya baba yako kumwona. Siku ya mahari, shangazi wa bwana harusi akasimama, akamuuliza: wewe binti, ukoo wenu upi? Hakuwa na ukoo wa kutaja. Wakabeba vitu vyao wakaondoka, watu wamejaa uani wanatazama. Tangu hapo hakukaa tena mbele za watu."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulitaka uolewe."

Janeti akalia. Angejua, asingemshika mkono vile. Lakini wa kuambiwa hayo alikuwa kaburini Usinge, na alikufa akidhani mwanawe anamwonea haya.

Yustina alimwacha alie mpaka akatulia. Kisha akausogeza ungo pembeni.

"Soma tena pale pa jikoni," akasema. "Polepole, nisikie."

Janeti akasoma, akikwama kila alipokutana na neno bibi, maana mdomo ulitaka kusema mama.