Nilichonga mabomu ya mkono ya muvi, wakaja kumlipulia mama yangu

Wakuu, poleni na majukumu.

Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia. Sijatia chumvi hata punje. Anayebisha aje Mwenge kwenye vibanda vya vinyago aulizie, mafundi wenzangu wote wanaijua hii ishu.

Mie ni mchongaji. Asili yetu Newala, ila nimekulia Mbagala na naishi hukohuko na mama yangu.

Miezi kadhaa iliyopita alikuja jamaa kibandani, kofia kageuza nyuma, miwani ya jua. Akasema yeye ni dairekta, anatengeneza muvi ya action na anataka mabomu ya mkono sita ya mbao. "Yaonekane orijino, braza."

Nikamwambia ondoa shaka. Sie Wamakonde tunachonga mpaka mashetani, itakuwa bomu?

Tatizo, bomu la mkono nilikuwa naliona kwenye TV tu. Na kwetu ukikwama unaenda kwa mjomba.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ni mwanajeshi mstaafu. Vita vya Kagera alikuwepo. Siku hizi analinda yadi ya makontena kule Kurasini. Nikamfuata kazini na kipande cha mbao ya mninga na penseli.

Shikamoo, marahaba, nikamweleza shida yangu. Mzee alicheka mpaka akakohoa.

Ila alinichorea, tena kwa utulivu. Akaniambia yale ya zamani ya vita kuu ya kwanza mengine yalikuwa na magamba kama nanasi, na Wajerumani walikuwa na ya kwao yenye mpini, ukiliona unaweza kudhani mchi wa kutwangia. Akasema babu zetu kule kusini walibebeshwa masanduku ya vita ile porini, na wengi walikufa hawajui hata walikuwa wamebeba nini.

Nikamuuliza, na hawa wa kwenye muvi wanaovuta pini kwa meno?

"Waambie wajaribu," akasema. "Ile pini imekazwa makusudi. Bomu litabaki, yatatoka meno."

Na ule moto mkubwa unaopaa juu?

"Moto wapi, mwanangu? Ni mshindo, vumbi na vipande vya chuma. Halafu unasikia watu wanawaita watu wao. Hilo kwenye sinema hawaliwekagi."

Nikaona nisiulize zaidi, nikaaga.

Nikachonga, wakuu. Mninga, rangi ya kijani ya jeshi, na pini ya waya nikaikaza kama alivyosema mjomba. Yalitoka vizuri mpaka fundi mwenzangu aligoma kuyashika. Mie kichwa kikavimba.

Hapo ndipo ujinga wangu ulipoanzia.

Dairekta alivyokuja kuchukua mzigo akasema anatafuta pagale, nyumba isiyoisha, ya kushutia. Mie na sifa zangu nikadakia: nyuma ya kwetu lipo, njooni. Nilitaka mtaa uone kazi yangu.

Nilimuuliza vitu viwili tu. Kutakuwa na mlio? Akasema hakuna braza, sauti tunaweka kwenye kompyuta. Mjumbe wa mtaa ana taarifa? Akasema tumeshamalizana naye, usijali.

Nikamuamini.

Kwa msioijua Mbagala, ngoja niwaeleze kwa nini niliuliza. Miaka ile ghala la silaha kambini lilipolipuka, sie tulikuwepo. Watu walikimbia na walichovaa. Mdogo wangu Zuhura alikuwa shule ya msingi, akakimbia na umati, akapotea. Mama alizunguka akiita jina lake mpaka sauti ikakauka. Tulimpata siku ya pili, amehifadhiwa kwa watu tusiowajua kabisa.

Zuhura sasa ni mtu mzima, kaolewa Kibaha, ana watoto wake. Lakini mama mpaka leo gari likipasua tairi barabarani anasimama. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Siku ya kushuti, saa nne asubuhi, nikamwambia mama wageni wangu wa sinema wapo nyuma. Akafurahi, akasema atawapikia chochote kidogo. Nikamwacha anakanda unga.

Scene ya kwanza, staringi akatakiwa avute pini kwa meno. Nikawaambia jamani haitoki hivyo, mjomba wangu kasema. Dairekta akanijibu mbele za watu: "Mjomba wako anajua jeshi, mie najua sinema. Watazamaji wanataka meno."

Haya. Staringi akang'ata, akavuta, jino la mbele likameguka. Nisiwafiche, nilicheka.

Wakaleta koleo, wakailegeza pini yangu. Staringi akavuta kwa meno yaliyobaki, akarusha bomu ndani ya pagale.

Na pagale likalipuka.

Kumbe jamaa walikuwa wametega baruti kwenye pipa la petroli. Walitaka ule moto! Mabati ya nyumba zote za karibu yalitetemeka, moto ukapaa juu ya ukuta.

Mtaa mzima ukatoka mbio.

Hakuna aliyeuliza kitu. Watu walikimbia kuelekea Kongowe vilevile kama siku ile, akina mama wamebeba watoto, mafundi cherehani wameacha cherehani na kitambaa kinaning'inia.

Na mama yangu akatoka na khanga moja, mikono ina unga, anapiga kelele: "Zuhura! Zuhura! Mwanangu Zuhura!"

Nilimkimbilia namwita, hanisikii. Akatumbukia kwenye mtaro, akainuka, akaendelea. Nilimfikia mbele huko, kamshika mtoto wa jirani kwa mkono mzima na hataki kumwachia, mkono mwingine unaning'inia. Umevunjika kwenye kifundo.

Nilimwambia mama, ni sinema. Mabomu ni yangu mie, ya mbao. Akaniuliza, "Zuhura yuko wapi?"

Tukampigia Zuhura simu pale pale barabarani. Alivyosikia sauti yake ndiyo akamwachia yule mtoto.

Nikamwacha mama na majirani, nikarudi kule nyuma. Nikawakuta wanacheka! Kamera ilikuwa inarekodi muda wote. Dairekta anapigapiga mapaja: "Umeona hiyo? Hata ungewalipa watu wasingekimbia hivyo!"

Mjumbe naye akafika anahema, hana taarifa yoyote. Watu walitaka kuwapiga akina dairekta, nao wakapakia vitu vyao wakakimbia. Sasa na wao wakajua kukimbia.

Mkono wa mama ulifungwa plasta, umeunga vibaya. Hawezi kukamua nguo, hawezi kukuna nazi. Anajua ulikuwa mshindo wa sinema, akasema yameisha, vijana hawakujua.

Mie ningeishia hapo. Lakini muvi imetoka, ipo mtandaoni.

Nimeiangalia. Staringi anavuta pini, bomu langu linaruka, moto unapaa, halafu anatokea mama yangu. Khanga moja. Anamwita Zuhura. Wamemwacha mpaka anaanguka mtaroni, tena kwa slow motion.

Nilimpigia yule mjinga aitoe. Akanijibu: "Braza, mama kawa staa, unalalamika nini?" Halafu akanibloku.

Komenti zote ni vicheko. Juzi kwenye grupu letu la wachongaji mtu katuma stika ya WhatsApp. Mama yangu, mdomo wazi, kaandikiwa "Mwenye nyumba kaja". Aliyetuma wala hajui ni mama wa nani.

Mkuki kwa nguruwe, wakuu.

Nilichojifunza? Usilete kamera mtaani kwako kwa sababu ya sifa, na ukiambiwa mjumbe ana taarifa, nenda kamuulize mwenyewe. Nyie mnaotengeneza hizi muvi, mabomu yenu ni ya mbao, nayajua, niliyachonga mie. Lakini hofu ya wale watu haikuwa ya kuigiza na hamkuwa na ruhusa nayo. Mjomba aliniambia sinema haiwekagi watu wanaoita watu wao. Safari hii wameweka, na watu wanacheka.

Mama hajui kama yumo.

Jana anafunga khanga kwa mkono mmoja, akaniuliza: "Ile sinema yenye mabomu yako haijatoka tu? Nataka Zuhura aje na wajukuu zangu, tukae wote tuione kazi yako."

Nikamwambia bado mama, bado wanaikatakata.

Ataniuliza tena, namjua. Nimjibu nini? Leteni mawazo, hata ya kunitukana nitayasoma. Ila wewe mwenye ile stika kwenye simu yako, ifute kwanza ndiyo uandike.