Ubao wa Kusikilizia

Mume wangu alirudi Kibra kutoka vita vya Burma na ufundi wa redio. Jeshini alikuwa mtu wa mitambo ya simu. Muda si mrefu binti yetu akashikwa na homa ya uti wa mgongo. Alipona, lakini masikio yake hayakurudi.

"Nitamtengenezea mashine ya kukuza sauti," baba yake akaniambia. "Wazungu wanazo."

Alikwenda mjini kwa Mhindi aliyeuza vyuma chakavu vya jeshi, akaja kumwaga vipande mkekani. Alichagua kwa subira. Valvu, zile chupa za kioo zinazowaka ndani ya redio, alizikataa zote kubwa: zingekula betri, na betri nzito mtoto angeibebaje? Akabakiza mbili nyembamba kama kidole. Akachora kwenye karatasi mahali pa kila mguu wa valvu, akazilaza kando rezista, vile vijiti vidogo vya kupunguza nguvu ya umeme, na kuzichorea nafasi zake, kisha akaibandika karatasi kwenye ubao na kutoboa kwa msumari wa moto.

Ubao wa kwanza ulitoka kinyume. Alikuwa ameichora miguu valvu ikiwa imepinduliwa. Iliposimama, mguu wa kushoto ukaangukia tundu la kulia. Alicheka. Tangu mtoto augue sikuwa nimemsikia akicheka. Akaanza ubao mwingine.

Alasiri moja akamfunga mtoto kisanduku cha mashine kifuani, akamtia kisikizio sikioni, akachuchumaa mbele yake na kumwita. Mtoto akatabasamu.

"Amesikia! Mama, amesikia!" mume wangu akaniita.

Mimi niliona macho ya mtoto yalipokuwa. Yalikuwa kwenye midomo ya baba yake.

"Mwite ukiwa nyuma yake," nikasema.

Alinitazama, akazunguka. Akaita. Akaita tena kwa nguvu, hata jirani akatoka kuuliza kuna nini. Mtoto alikuwa anachezea waya.

"Labda valvu ni mbovu," akasema.

"Labda."

Alibadilisha valvu, akatoboa na ubao wa tatu. Mwishowe tukampeleka hospitali. Daktari akasema mishipa yenyewe ya kusikia imekufa, hakuna mashine ya kuiamsha. Mume wangu akamshukuru. Wakati wa kurudi Lindi, mtaa wetu wa Kibra, alimbeba mtoto mgongoni, ingawa alikwisha kuwa mkubwa. Mtoto, asiyejua tuliloambiwa, akampigapiga mabegani akitaka akimbie. Naye akakimbia, mimi nikabaki nyuma na viatu vya mtoto mkononi.