Kumtoa Baba Toharani

Baba alikufa kwa homa, mvua zikiwa zinaishia, tukabaki wawili, mama na mimi, katika nyumba ya udongo karibu na ziwa, pale Baraka. Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji wangali wanatawala. Ndugu wote wa mama walikuwa Fizi, milimani, na hawakushuka mara kwa mara. Wadogo zake baba walikuja kutaka mama arithiwe na mmoja wao, kama desturi ilivyokuwa. Mama aliwapikia vizuri, akawanawisha mikono, kisha akawaambia kwamba mume wake hajafika, bado yuko njiani, na mke wa mtu aliye njiani harithiwi. Waliona kichwa chake kimeharibika. Asubuhi waliondoka bila kuaga.

Hilo la kuwa njiani hakulitunga yeye. Alilipata kwa katekista wa misheni, mzee mpole ambaye sote tulimwita mwalimu. Alitufundisha kwamba mtu mwema akifa na madoa yake madogo haendi motoni, lakini mbinguni pia hapokelewi akiwa mchafu. Anapelekwa toharani kutakaswa. Alisema ni kama sufuria iliyoungua: huitupi, unaisugua kwa majivu mpaka ing'ae. Mimi nilikuwa na umri wa kusugua sufuria, kwa hiyo nilielewa upesi. Nilimwona baba akisuguliwa mgongo, akivumilia.

Mama alielewa zaidi ya alivyofundishwa. Aliamini kwamba aliye mbinguni anamtazama Mungu tu, hana haja nasi tena, lakini wa toharani masikio yake yako huku, kwa sababu anangoja sala zetu. Basi baba alikuwa anasikia. Kila jioni, tukisha kula, mama alipiga magoti, akasali rozari, na akimaliza hakuinuka. Alianza kumpa baba habari za siku: ndagala, vile visamaki vya ziwani, zimekauka vizuri, paa linavuja upande wa ziwa, mbuzi wa jirani amekula tena majani ya mihogo. Sauti yake wakati huo ilikuwa laini. Kwangu hakuwa na sauti hiyo. Mimi nilipata "leta maji", "funga mlango", "lala".

Hata habari zangu mwenyewe nilizisikia zikipelekwa kwa baba.

"Mutoto wako iko anakohoa," alimwambia jioni moja. "Tangu juzi. Mi minaogopa kifua."

Nami nilikuwa nimekaa pale pale, karibu na mafiga, nikikohoa. Hakuwa ameniuliza kitu. Nilimwonea baba wivu, tena wivu mchungu. Marehemu alipewa mazungumzo, mimi niliye hai nikapewa dawa ya majani na kimya. Siku nyingine nilikwenda kukaa na jirani yetu, mama mmoja Mprotestanti aliyecheka sana, ili nisikie tu mtu akiniuliza nimekula nini.

Ikafika Siku ya Marehemu Wote, mwezi wa kumi na moja. Wakati ule palikuwa na rehema ya pekee kwa siku hiyo. Mwenye kuungama na kupokea Komunyo, akiingia kanisani na kusali Baba Yetu, Salamu Maria na Atukuzwe kama ilivyoamriwa, aliipatia roho moja ya toharani msamaha kamili. Akitoka nje na kuingia upya, roho nyingine. Kwa hiyo siku hiyo kanisa liligeuka kama mlango wa soko. Wamama walitoka, wakakanyaga baraza, wakageuka, wakaingia tena, matope ya mvua yakijaa sakafuni, kila mmoja akitaja kwa sauti ya chini anayemtoa. Mwalimu alisimama kando akituonya tusisukumane, maana marehemu hawana haraka kama sisi.

Nilimfuata mama kila alipoingia, nikapiga magoti kando yake. Alimtoa bibi mmoja wa kijiji cha Swima aliyekufa bila kuacha mtoto. Akawatoa wavuvi waliozama. Akamtoa hata baba wa jirani yetu Mprotestanti, ingawa jirani alikuwa amemwambia asubuhi, akicheka, "Muache baba yangu, ule alisha fika kwa Yesu zamani!" Nilingoja zamu ya baba yetu. Haikuja.

Tulipotoka kwenda makaburini nilimshika kitenge.

"Mama, na baba?"

"Nyamaza."

"Bote umebatoa. Na baba?"

Alisimama njiani. Alitazama nyuma kuona kama kuna mtu.

"Nikimutoa," akasema, "mi nitabaki na nani?"

Aliniambia hivyo mimi, niliyekuwa nimeshika nguo yake. Sidhani kama aliona alichokisema. Akaendelea kutembea, akaingia kati ya makaburi, akainama kung'oa majani juu ya kaburi la baba na kupanga upya mawe ya pembeni, akinong'ona naye.

Nilibaki njiani na hasira yangu. Nilifikiri kwa akili niliyokuwa nayo, na haikuwa mbaya: baba akifika mbinguni hatasikia tena, na mama akikosa wa kumsemesha, ataniona. Tena ilikuwa heri kwa baba mwenyewe. Nani anapenda kusuguliwa bila mwisho kwa sababu mke wake hataki kulala na kimya?

Nikarudi kanisani. Niliingia, nikapiga magoti mbele kabisa, nikamtaja baba, nikasali. Katikati ya Atukuzwe nilichanganyikiwa nikaanza upya. Nilipotoka kwenye baraza niliona afadhali niingie tena, pengine baba alikuwa mzito. Nilisali safari hii polepole, neno kwa neno, na nilipomaliza nilihisi kabisa kwamba ameondoka. Nililia kidogo. Nilikuwa nampenda, jamani. Alikuwa akinibeba begani kwenda kupokea mitumbwi asubuhi.

Jioni tulikula muhogo na ndagala. Mama alichukua rozari, akaanza kupiga magoti.

"Usimuite, mama," nikasema. "Hayuko tena kule. Mi nimesha kumutoa."

Alibaki ameinama, goti moja chini. Kisha akageuka akanitazama. Tangu mazishi hakuwa amenitazama namna ile, uso mzima, mimi peke yangu. Ndicho nilichokitaka, na nilikipata, na kilikuwa hofu tupu machoni mwake.

"Ulimutoa namna gani?"

Nikamweleza yote, jinsi nilivyoingia, nilivyosali, nilivyorudia. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilimwona akitafuta kitu kichwani, kama mtu anayepapasa mfukoni gizani. Ghafla akakipata.

"We ulisha kula Komunyo?"

"Bado."

"Ulisha kuungama?"

"Bado, mama. Mwalimu alisema mwaka ujao."

"Basi haina kitu!" Alipiga makofi. "Haina kitu, mwanangu! Sala yako haikumutoa. Baba yako angali kule!"

Akacheka. Mama yangu, ambaye sikumbuki kama alikuwa amecheka tangu tumzike baba, alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Akanivuta, akanipakata mapajani nilivyokuwa mkubwa vile, akanibana kifuani penye harufu ya moshi na samaki, akanibusu utosini. Nilikuwa nimeyangoja mapaja yale muda wote ule. Sasa nilipewa kwa sababu nimeshindwa, na nilijua hivyo, lakini sikutoka.

Alipotulia, alipumua, akaweka kidevu chake juu ya kichwa changu. Nilidhani ataniuliza kwa nini nilifanya vile. Nilikuwa na jibu tayari mdomoni.

"Umesikia, mume wangu?" akasema, kwa ile sauti laini, akitazama ukutani juu yangu. "Mutoto wako alitaka kukufukuza."

Akamweleza yote tangu mwanzo, akicheka tena mahali pa kuchekesha. Nami nikakaa pale mapajani mwake, nikiwasikiliza wakizungumza.