Dole la Kulia la Jamaldini

Mashine ya kuchania mkonge katika shamba lile chini ya Meru, tuliyoiita korona, ilinguruma hata ng'ombe wa Moshono wakatoa maziwa yaliyokwisha kuganda, na kuku wakataga mayai ya kuchemsha. Unacheka? Basi hayo nimeongeza. Mkono wa mume wangu Jamaldini sijauongeza. Ningeweza, ningeuongeza siku ile ile.

Jamaldini alikuwa Myao wa ng'ambo ya Ruvuma, kwa Wareno. Alivuka bila karatasi yoyote, akafika Arusha kwa miguu, mrefu hata akipiga chafya wingu la Meru linasogea. Kazi ya mkonge ilitaka kipande, ile kadi yenye jina lako na nafasi thelathini za siku za kazi. Rafiki yake Lomayani, Mwarusha wa Sokon, alikuwa nacho, ila alishachoshwa na miiba, akarudi kwa ng'ombe wake. Akampa. Wengi walifanya hivyo. Nyapara alijua, na hakujali maadamu mkonge unakatwa. Miaka miwili Jamaldini akaitwa Lomayani, na kila kipande kilipojaa akaweka dole la kulia kwenye kitabu cha malipo.

Kisha korona ikamshika mkono wa kulia, ikaula hadi karibu na kiwiko.

Shambani wakamwondoa. Tukasikia serikali ina sheria: aliyeumia kazini alipwe fidia. Jamaldini akataka kibanda cha chai sokoni, mimi nikaange maandazi, yeye amimine kwa mkono uliobaki. Tukaenda bomani.

"Ukiulizwa, wewe ni Lomayani," nikamwonya njiani.

"Na wewe Zuleha leo ni mke wa Mwarusha. Shanga ziko wapi?"

Lomayani mwenyewe akatusindikiza, kibuyu cha maziwa begani.

"Shemeji, kaa uani, usifumbue mdomo," nikamwambia.

"Nitakuwa jiwe, shemeji."

Tarishi akatoka barazani, akaita: "Lomayani!"

Mwaka uliotangulia shemeji aliitwa hivyo hivyo siku ya kodi, akachelewa kuitika, akalala jela wiki mbili. Akaruka kama kachomwa. "Nipo, bwana!"

Na Jamaldini, mlangoni: "Nipo, bwana!"

Bwana Shauri, Mzungu msikiliza kesi wa boma, akatazama mikono mitatu. "Lomayani ni nani?"

Shemeji akalia, akasema ukweli wote, hata wa kodi ambao hakuulizwa.

"Basi Lomayani hajaumia," akasema Bwana Shauri. "Na wewe mwingine, shambani hujaandikwa."

"Bwana, kitabu cha malipo kilicholetwa kutoka shambani kiko hapo mezani," akasema Jamaldini. "Madole yote ni yangu. Yatazame."

Hapo nikayaona maandazi yangu yanaumuka. Karani akafungua kitabu, akasogeza kitambaa chenye wino. "Haya, mzee. Dole la kulia."

Jamaldini akainua kigutu, akakitazama. Karani naye akakitazama, akainama. Jamaldini akaweka la kushoto. Bwana Shauri akachukua kioo cha kukuzia, akalinganisha muda mrefu, hata nikayahurumia macho yake.

"Silo."

"Lile lilibaki kwenye korona, bwana."

"Basi sina la kukusaidia." Akafunga kitabu.

Tukarudi kwa miguu. Lomayani alikuja nyuma yetu, kila hatua nisamehe, nisamehe, maziwa yakimwagika.

"Nyamaza, Lomayani," Jamaldini akamwambia. "Hata mimi niliitika."

Nyumbani nikamwosha lile dole la kushoto, maana alikuwa hana mkono wa kulisugulia. Nilitumia majivu, nikatumia limau. Wino ulikaa siku nne. Ningeweza kukuambia miaka minne, na ungeniamini. Ulikaa siku nne, ukatoka.