Misumari Mdomoni

Mtu mzima akianza kuficha vitu kama mtoto, ujue kuna jambo. Huyu wetu alikuwa fundi wa makochi, mtaa mzima ukimwita Sponji, na alichokuwa akificha ni kichupa cha pombe kali. Mkewe alishapekua kila mahali: mvunguni, darini, ndani ya mabuti ya mvua, hata debe la gundi kule karakanani. Lakini kochi la mteja hakuligusa. Mali ya watu haipasuliwi. Basi Sponji akawa anaacha upenyo mdogo chini ya kochi, kichupa kinalala humo kati ya springi, na kiu ikimshika anainama kama anayekagua misumari.

Misumari yenyewe ilikuwa kinga yake ya pili. Mafundi wa makochi huibana midomoni, wanachomoa mmoja mmoja na kugonga. Mkewe akimuuliza, "Umekunywa?" Sponji anaonyesha mdomo: unaona, nina kazi.

Siku za mwizi ni arobaini. Mkunga mmoja mstaafu alilitaka kochi lake haraka, na Sponji siku hiyo alikuwa amekagua misumari kupita kiasi. Akashona upenyo bila kukumbuka. Kochi likapakiwa kwenye mkokoteni, likaenda zake na mimba yake.

Wiki hiyohiyo mkewe aliwachukua watoto, akaenda kwa mama yake. Hakugombana. Alisimama mlangoni tu, akasema, "Baba watoto, usinifuate na ahadi. Ahadi zako ninazo kabati zima. Siku utakapomwambia mtu baki ukweli, hata mmoja, ndipo uje."

Sponji akabaki na nyumba iliyokuwa kimya kama sahani iliyokwisha oshwa.

Asubuhi moja mkunga akatokea karakanani, mkoba kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Kochi zuri, ila linacheua."

"Linacheua?"

"Nikikaa, glu. Nikiinuka, glu. Mgeni wangu akanitazama mimi. Nikaona hapana, heshima yangu inakwenda." Akatoa kichupa mkobani, akakiweka kando ya mkasi. "Nimezalisha mwenyewe. Mzazi hajambo."

Sponji alitamani ardhi ipasuke. "Hicho, mama, labda ni cha aliyekuwa na kochi zamani."

"Aliyekuwa nalo zamani ni mimi."

Fundi akaokota mkasi, akaurudisha palepale.

"Mficha uchi hazai, mwanangu. Nimewaambia wanawake hivyo miaka yote, huku pombe yangu nimeificha kwenye chupa ya chai. Nimevaa koti jeupe, kikombe mkononi, nani ataniuliza?" Akafunga mkoba. "Tuko wachache tulioacha, na wanaojaribu. Tunakutana Alhamisi jioni, chumba cha nyuma pale maktaba. Hatuhubiriani. Anayetaka anasema lake, wengine tunasikiliza."

Alhamisi Sponji alipiga moyo konde, akaenda. Ila alikwenda na mfuko wa vyombo begani, na alipofika mlangoni maneno yaliyomtoka ni haya: "Nimesikia kuna viti vibovu."

Watu wakatazama viti vyao. Mzee mmoja mnene, dereva wa lori waliyemwita Gia, akasema, "Vipo. Changu kinanilalamikia tangu nianze kunenepa. Karibu, fundi." Mkunga akatazama dirishani.

Basi Sponji akajaza misumari mdomoni, akaanza. Anapindua kiti hiki, anagonga, anakwenda kingine. Mwenye kiti anasimama na kuendelea kusema. Gia akaeleza alivyokuwa akitafuna vitunguu saumu ili kuua harufu, mpaka wanawe wakakataa kumsalimia. Sponji akacheka, nusura ameze msumari. Mama mmoja muuza maua akasema aliwahi kuusahau mwaka mzima wa mtoto wake. Anaukumbuka kwa picha tu. Sponji akagonga kwa nguvu, na pale alipogonga hapakuwa na msumari wowote.

Viti vikaisha. Kimoja tu kilibaki, kitupu, kando ya mkunga. Akakipindua, akakitikisa. Kilikuwa kizima.

"Hicho hakina ugonjwa," Gia akasema. "Kinangoja mtu."

Mkunga akakinga kiganja chini ya kidevu cha Sponji, kama mama anavyomwambia mtoto ateme kokwa. "Tema, fundi."

Akaitema misumari yote, ina mate na joto. Akakaa. Mdomo mtupu ulimwelemea kuliko ulipojaa.

"Kile kichupa kimo humo kwenye mfuko," akasema. "Sijakimwaga. Njia nzima nimekuwa nakisikia. Mke wangu ameondoka, na mimi nimekuja kudanganya kwamba nimefuata viti."

Hakuna aliyepiga makofi. Muuza maua alisogeza tu kiti chake karibu.

Kesho yake Sponji alikuwa uani kwa mama mkwe, mikono mitupu. Mkewe alikuwa akianika nguo.

"Umekuja na ahadi?"

"Sina."

"Ukweli umemwambia nani?"

"Wenye viti. Nimewaacha wamekaa na kichupa changu. Alhamisi ijayo nitarudi kwao."

Alimtazama mdomo kwa muda mrefu, kama anayetafuta msumari. Hakusema anarudi nyumbani. Alimpa ncha moja ya shuka lililolowa, akashika ya pili, wakaanza kulikamua.